Uhakiki wa Istilahi za Kipakizi cha Mbele cha Trekta

Mkulima anayekwenda kununua kipakizi cha kufungwa mbele ya trekta lake huonyeshwa kwanza karatasi, kisha chuma. Karatasi ndiyo inayomwambia kipakizi kinanyanyua kilo ngapi, kinafika juu kiasi gani, kinaongozwaje, na kina mambo gani ya ziada ambayo hana budi kuyalipia. Baadhi ya karatasi hizo hutolewa kwa Kiswahili, na jambo hilo ni la kupongezwa. Tumezipitia chache, zote zimefasiriwa kutoka Kiingereza, nazo hatuna haja ya kuwataja wenyewe kwa kuwa makosa yake yanafanana mno. Humo hatumwoni mfasiri mmoja wa kulaumiwa bali mazoea. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo kwa kipimo kimoja tu: je, mtu akilisoma neno, mkono wake utafanya lile lililokusudiwa?

Tuanze na jina la chombo chenyewe, ingawa hapa mgogoro si mkubwa. Madereva na mafundi wa Tanzania wanalo neno "kijiko", nao hulitumia kwa mtambo mzima wa kuchotea mchanga na kokoto, wakikiita kizima kwa jina la sehemu yake. Neno hili ni zuri. Limezaliwa barabarani na machimboni wala halikungoja idhini ya mtu. Lakini kwa trekta la shamba, ambalo leo hulima na kesho huchota samadi, twahitaji majina mawili: moja la kifaa chote kinachofungwa na kufunguliwa, na jingine la kile kinachoshika mzigo. Kwa la kwanza tunaunga mkono "kipakizi", lililotoka katika kupakia kama alivyotoka mpakizi wa bandarini. Kwa la pili, "kijiko" kibaki mahali pake. Karatasi mbili kati ya tulizozisoma zimesema "ndoo". Ndoo hutekewa maji kisimani; haichimbui wala haikombi, na yule aliyeiandika alilitazama neno la Kiingereza, hakukitazama chuma. Ama "kipakizi cha tingatinga" tulichokikuta mahali pamoja, hicho kitafahamika Nakuru, ambako tingatinga ni trekta. Msomaji wa Dodoma atadhani habari ni ya ule mtambo wa kusukumia vifusi.

Sasa tuje kwenye neno lililotufanya tuandike. Wenzo wa kipakizi, kwa mpangilio uliozoeleka, huvutwa kwa dereva ili mikono iinuke, na husukumwa mbele ili ishuke. Hupelekwa kushoto ili kijiko kikunjwe na kushika mzigo, na kulia ili kimwage. Ukiusukuma mbele zaidi, ukapita mahali penye ugumu kidogo, hunasa hapo na kukaa wenyewe bila kushikwa. Katika hali hiyo vali hufungua njia ya kwenda tangini kutoka pande zote mbili za silinda za kuinulia. Oili haisukumi upande wowote, na kijiko hulala juu ya ardhi kwa uzito wake tu, kikipanda penye tuta na kushuka penye shimo. Ni hali yenye faida kubwa kwa mtu anayekomba samadi zizini au anayesafisha uwanja wa kuanikia mazao, kwa sababu hana haja ya kufuatisha kila bonde kwa wenzo. Waingereza huiita kwa neno lao la kitu kilicho juu ya maji, na karatasi zote tulizonazo zimefasiri "kuelea".

Kwa Mswahili kitu kinachoelea ni kitu kisichozama. Chombo huelea, boya huelea, nazi iliyoanguka mtoni huelea. Na tunaposema vyaelea vimeundwa tunaisifu kazi ya fundi aliyekifanya kitu kikae juu. Wazo la kwanza katika neno hili, na kwa watu wengi la mwisho, ni kukaa juu. Basi na tumfikirie dereva mgeni aliyeinua nusu tani ya mchanga wenye maji hadi juu ya ubavu wa tela, naye anataka mzigo usimame palepale apate kutazama nyuma. Anakitazama kibao kilicho karibu na wenzo: kuinua, kushusha, kuelea. Ni lipi kati ya hayo matatu linaloahidi kwamba mzigo utabaki hewani? Kumbe jibu ni kuuachia wenzo urudi katikati, mahali ambapo kibao hakikuandika kitu. Yeye atausukuma hadi mwisho, na mikono, kijiko na mchanga vitaanguka pamoja, kwa kuwa hakuna oili inayovizuia. Hata injini ikiwa imezimwa, kwa zile vali zinazoendeshwa kwa waya au fimbo, hali hiyo huangusha mzigo. Aliyesimama chini ya kijiko hatapata nafasi ya kuuliza maana.

Tunajua jibu litakalotolewa: kwamba neno limekwisha chapwa, na dereva atajifunza maana yake kazini kama walivyojifunza wengine. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingekuwa juu ya jina la tawi la elimu au la mdudu, ambapo kukosea siku ya kwanza hakumdhuru mtu. Hapa siku ya kwanza ndiyo yenye hatari yote.

Pendekezo letu ni "kulegeza", na hali yenyewe iitwe "hali ya kulegea". Kamba iliyolegezwa haishiki, na kila aliyewahi kufunga mzigo juu ya baiskeli anajua kinachofuata. Tena neno hili linajitenga vyema na "kushusha": anayeshusha bado ameshika, anayelegeza ameachia. Onyo lake huandikika kwa maneno manne, usilegeze mzigo ukiwa juu, na msomaji hahitaji maelezo zaidi. Tuliwahi kuletewa pia "kufuata ardhi". Tunakiri kwamba linaeleza faida ya hali hiyo kwa uzuri kuliko pendekezo letu, na muuzaji akilitumia katika kusifu mali yake hatutamgombeza. Lakini halisemi neno juu ya hatari, na kibao cha wenzo ni mahali pa hatari kwanza. Mnunuzi naye aulize mambo mawili kabla ya kulipa: iwapo vali ina hali ya kulegea, maana si zote zinayo, na iwapo wenzo una kufuli la kuuzuia usisogezwe na goti au na mtoto.

Neno la pili lenye hatari ni "mkono". Katika karatasi moja tumelihesabu likiwa na kazi tatu. Mikono ni vile vyuma viwili virefu vinavyobeba kijiko. Mkono ni kile kijiti anachoshika dereva, kwa mfano wa mkono wa gia. Na mikono ni vyuma vya nyuma vya kufungia jembe. Mtu akisoma "shusha mkono kabla ya kuteremka", ashushe kipi? Yule aliyeandika alitaka kijiko kilazwe chini kabla dereva hajaondoka, agizo ambalo ni la lazima kuliko yote katika kazi hii. Msomaji anaweza kukisukuma kijiti kidogo, akaona ametii, akashuka. Sisi twasema mikono iwe ile ya kipakizi, kwa kuwa inafanana na mikono ya mtu aliyebeba sinia; vyuma vya nyuma viitwe viungo vitatu; na kijiti cha dereva kiitwe wenzo.

Juu ya wenzo huenda walimu wakatupinga. Watoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba wenzo ni mashine rahisi yenye egemeo, mzigo na jitihada, na kwa hesabu hiyo mikono ya kipakizi yenyewe ni wenzo wa daraja la tatu, kwa kuwa silinda husukuma katikati ya egemeo na mzigo. Ni kweli. Lakini kijiti cha dereva nacho ni wenzo kwa kanuni ileile, na jina la jumla linaweza kumkalia mmoja wa jamaa bila kuwavunjia wengine heshima. Tungelisikitika zaidi kuona "wenzo" likifa, maana wingi wake, nyenzo, umekwisha chukuliwa na mikutano na maofisi ukawa na maana ya vifaa na fedha, hata wengi hawajui tena kwamba lina umoja.

"Kujisawazisha" ni kosa la namna nyingine. Mikono inapoinuka hali kijiko kimeachwa kama kilivyo, kijiko hugeukia nyuma kidogo kidogo, na kikifika juu mzigo huweza kumwagikia boneti au dereva. Robota la duara la majani makavu lina kilo 200 au zaidi, nalo likianza kubingirika juu ya mikono halina wa kulizuia. Kwa hiyo vipo vipakizi vyenye vyuma sambamba, au silinda za ziada, vinavyokifanya kijiko kibaki na mlalo uleule kutoka chini hadi juu. Hilo ndilo linaloitwa kujisawazisha. Lakini kwetu anayesawazisha ni greda. Husawazisha barabara na kiwanja. Mkulima atalisoma neno hilo katika orodha ya mambo ya ziada, ataona hana kiwanja cha kusawazisha, na atalipa bei ndogo kwa kipakizi kisicho nalo, ilhali anakwenda kubebea marobota. Tunapendekeza "kushika mlalo". Kipakizi hiki hushika mlalo, kile hakishiki: muuzaji aweza kulionyesha jambo hilo kwa kiganja chake akiwa dukani.

Katika jambo la uzito wa nyuma tunashangaa zaidi kuliko tunavyolaumu. Kijiko kilichojaa huuhamishia ekseli ya mbele uzito na kuupunguza nyuma. Trekta linaloendeshwa kwa magurudumu mawili aghalabu lina breki kwenye magurudumu hayo ya nyuma tu, basi nyuma ikiwa nyepesi halivuti vizuri wala halisimami vizuri, na penye mteremko huweza kubinuka. Dawa yake ni kuweka mzigo nyuma: sanduku la zege kwenye viungo vitatu, vyuma kwenye magurudumu, au maji ndani ya matairi kiasi cha robo tatu. Wafasiri wetu wamehangaika na "uzito kinza", "uzito kabilifu" na hata "kisawazisho", ambalo linagongana na lile tulilokwisha lisema. Na pwani nzima inalo neno farumi, yaani mawe au mchanga unaopakiwa ndani ya jahazi lisilo na shehena ili lisipinduke. Kazi ni ileile, sababu ni ileile, hata mchanga huenda ukawa uleule.

Tutaambiwa kwamba mkulima wa Mbozi au Hanang hajaliona jahazi. Usukani nao ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kupanda gari, na hatujamsikia dereva wa Mbozi akilalamika. Hata hivyo hatutaki kuwa wagumu bila sababu. Katika maelezo ya kumfundisha dereva, "uzito wa nyuma" ni maneno ya wazi na yanatosha. Farumi iwe istilahi, itumike katika orodha ya bei na katika vitabu. Lililo muhimu ni kwamba karatasi mbili zimeuweka uzito huo chini ya kichwa cha mambo ya hiari, pamoja na taa za ziada na rangi. Hiyo si hitilafu ya lugha peke yake, lakini jina lisiloeleweka ndilo lililoifunika.

Kuhusu vipimo, mnunuzi hudhulumiwa na maneno hata pale ambapo tarakimu ni sahihi. Kijiko kina ujazo wa namna mbili, ule wa kilichojaa sawa na ukingo na ule wa kilichorundikwa hadi kikafanya kichuguu, na tofauti yake si ndogo. Karatasi moja imeandika "ujazo uliopigwa". Umepigwa na nani? Wazee waliponunua nafaka walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu, na kibaba cha tele. Na mnunuzi aliyepewa mfuto kwa bei ya tele hakuondoka kimya. Ujazo wa mfuto na ujazo wa tele: hapakuwa na haja ya kutafuta kwingine. Na ujazo si uzito. Kijiko cha nusu mita ya ujazo, kikijazwa mahindi makavu ya punje kwa mfuto, hubeba kiasi cha kilo 360; kikijazwa mchanga uliolowa hukaribia tani 1. Anayechagua kijiko kikubwa kwa kuwa ni kikubwa amechagua pia kulibebesha trekta asichokijua.

Uwezo wa kunyanyua nao hutajwa "kwenye pini", bila kusemwa pini ipi. Watengenezaji wengi huupima kwenye egemeo la kijiko, pale kijiko kinaposhikana na mikono, ilhali mzigo wenyewe uko mbele ya hapo. Na ukifunga uma za kubebea marobota husogea mbele zaidi, na uwezo hupungua. (Kuhusu uma, tunawasihi wafasiri wasiufuate wingi wa zamani, maana "nyuma za mbele" ni kichekesho.) Tunapendekeza "uwezo kwenye egemeo" na "uwezo kwenye kitovu cha mzigo", na mnunuzi aipe kisogo karatasi iliyotaja wa kwanza tu. Vivyo hivyo neno "kimo" limetumiwa kwa kimo cha egemeo mikono ikiwa juu kabisa, na kwa nafasi inayobaki chini ya ukingo wa kijiko kilichokwisha inamishwa kumwaga. Hiyo ya pili, ambayo ni ndogo kuliko ya kwanza, ndiyo inayokata shauri kama kijiko kitavuka ubavu wa tela. Iitwe "mwanya wa kumwagia", na mkulima aende dukani akiwa amekwisha pima tela lake.

"Nguvu" limekuwa gunia la kila kitu: nguvu ya injini, nguvu ya kunyanyua, nguvu ya oili. Shule zimekwisha tupa kani na kanieneo, nasi tuyatumie. Kanieneo ya oili ndiyo inayoamua kipakizi kitanyanyua mzigo gani. Mtiririko wake, yaani lita kwa dakika, ndio unaoamua kitanyanyua upesi gani. Trekta lenye pampu ya lita 40 kwa dakika na kanieneo ya bari 180 lina kilowati 12 za kugawa, na mnunuzi aliyeambiwa tu kwamba haidroliki "ina nguvu" hakuambiwa lolote. Nguvu yenyewe ibaki kwa injini, pamoja na farasi wake.

Yaliyobaki tunayapitia upesi. "Kazi ya tatu" ni jina lisilotaja kitu. Ni njia ya tatu ya oili, inayopelekwa mbele ili kuendesha makucha ya kubania mzigo, basi iitwe hivyo. "Kigeuzi nguvu" kwa ile gia inayolipeleka trekta mbele na kulirudisha nyuma bila kukanyaga klachi halifai, kwa kuwa nguvu haigeuzwi, kinachogeuzwa ni mwelekeo. Na kwa kuwa kazi ya kipakizi ni kwenda na kurudi mchana kutwa, mnunuzi anastahili kulielewa jambo hili kabla ya mengine mengi. "Gia ya nendarudi" linatosha. "Kiunganishi cha haraka" tumwachie mwalimu wa sarufi. Kinachofunga kijiko kwenye mikono ni komeo, kila nyumba inalo, na dereva akiambiwa akague komeo kabla ya kuinua, atajua atazame nini: kama limeingia au halikuingia. Kisha akibonyeze kijiko ardhini kuhakikisha.

Tunarudi kwenye kibao cha wenzo kwa kuwa hapo ndipo istilahi zote hizi hukutana na kiganja cha mtu. Tumeona vibao vilivyochanganya majina na vitendo: "kuinua", "chini", "mwinamo wa nyuma", "kuelea". Tunapendekeza viandikwe kwa vitenzi vitano vya kuamuru, vyote vya kutenda, ili viwe na umbo moja: inua, shusha, legeza, kunja, mwaga, na katikati iandikwe simama. "Legea" halingefaa hapa hata kama ni fupi, kwa sababu linamwamuru dereva alegee yeye. Herufi za mwanzo za vitenzi hivyo vitano hazifanani, hivyo mahali penye nafasi ndogo I, S, L, K na M zinatosha. "Simama", lililo na herufi moja na "shusha", liandikwe kwa ukamilifu au liwekewe duara. Na ile L ipakwe rangi nyekundu.